Mama Mukwe, Panya, na Miye

Mama mukwe wangu alikuwa anasema na kila kitu isipokuwa miye. Alisema na chungu, na kinu, na kuku, na mulango, na ndoo ya maji. Siku moja nilimusikia akigombana na mufuko wa chumvi, na kwa kweli mufuko ndio uliokuwa na makosa. Lakini miye, mume wa mutoto wake, baba wa wajukuu wake, mutu anayelala upande wa pili wa uwanja wake, hakunisemesha hata neno. Na miye sikumusemesha.

Hatukuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima. Kwa watu wa huku Luapula, mwanaume akioa hamuangalii mama mukwe usoni, hali naye, haingii nyumbani mwake, mpaka siku familia ya muke ipike chakula, imuite, imuingize rasmi. Sherehe hiyo wanaiita kwingisha. Kabla ya kwingisha, mukikutana njiani, mumoja lazima ageukie majani kama anatafuta mbuzi. Vijana wengi siku hizi wameacha mambo hayo. Pale soko la Kashikishi utawaona mukwe na mama mukwe wanagawana soda moja. Wangu hakuacha. Alikuwa mutu wa kanisa, muimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya wamama, na alisema Mungu hakukataza adabu popote.

Bon. Miye nilitoka Moba, ng'ambo ya mupaka, nikapita kambi ya wakimbizi kama wengi wetu, nikafika Kashikishi kufanya biashara ya chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa Mweru vinavyoanikwa juani. Nikaoa. Nikajenga katika uwanja wa wakwe, maana huku mume ndiye anayemufuata muke. Nyumba yangu ilikuwa na sebule, chumba cha kulala, na panya. Magunia ya chisense ndani, mvula nje, na ziwa limefungwa ili samaki wazae: panya gani mwenye akili angebaki majanini?

Hapa lazima niseme jambo ambalo mwanaume hasemi. Ninaogopa panya. Simba sijakutana naye, kwa hiyo sijui. Mamba nimemuona, nikiwa ndani ya mutumbwi, na nilitulia vizuri kabisa, watu watashuhudia. Lakini panya akipita karibu na muguu wangu, mwili hauniulizi. Unapanda. Nimeshasimama juu ya kiti, juu ya meza, juu ya gunia, na mara moja juu ya redio, ambayo haikuimba tena. Muke wangu alikuwa anavua kiatu, anapiga, anatupa nje, halafu ananiuliza kwa upole naona nini huko juu. Namujibu nakagua bati. Maskini, aliolewa na mukaguzi wa bati.

Shida ni kwamba ukuta wa matofali mabichi hauzuii sauti. Nikipiga "Yoo!" sebuleni, Mama Mukwe alisikia jikoni kwake. Halafu sauti yake:

"Weye chungu, umesikia? Mu ile nyumba kuko mwanamuke anazaa. Tumupelekee maji ya moto?"

Chungu hakikujibu. Miye pia sikujibu. Nilishuka kwenye kiti polepole, nikaanza kukohoa kwa sauti nzito, ya kiume, ili kila mutu ajue mwenye nyumba yupo.

Yeye mwenyewe alikuwa hatari. Panya akionekana, hakusimama, hakupiga kelele. Aliendelea kukata sombe, majani ya muhogo, macho kwenye kisu, na muguu wake wa kushoto, ndani ya patapata, kandambili ya mupira, ukatoka chini ya kitenge taratibu kama muguu wa mutu mwingine. Pa! Mambo yamekwisha. Anasukuma kando kwa ncha ya patapata, anaendelea kukata sombe. Alikuwa pia na mutego wa ndoo: maji nusu, fimbo juu ya mudomo wa ndoo, na katikati ya fimbo kopo lililotobolewa, limepakwa karanga za kusaga. Panya anatembea kwenye fimbo, anafika kwenye kopo, kopo linazunguka, kwaheri. Asubuhi alimwaga ndoo nyuma ya choo huku akiimba wimbo wa mazishi. Ubeti mumoja tu. Ubeti wa pili, alisema, ni wa Wakristo.

Tangu tumuzike Mama Mukwe, ndoo ile iko kwangu. Nimeitega kama alivyoitega, kopo lile lile, karanga zile zile. Panya wanakula karanga na hawaanguki. Sijui nakosea wapi.

Mama Mukwe aliwaita panya "bakwe". Nilidhani ni jina la Kibemba, mpaka siku moja alipokuwa anatwanga mihogo akakieleza kinu, kwa sauti iliyopimwa vizuri ifike mulangoni kwangu:

"Weye kinu, unajua juu ya nini minabaita bakwe? Banaingia mu nyumba ya benyewe, banakula, banapanda juu ya meza, na asubui habasalimie mutu."

Aka! Kumbe bakwe ni wakwe. Niliruka kwenye kiti, na safari hii si kwa ajili ya panya. Nani amekataza salamu? Miye? Nikamuambia muke wangu aende amujibu mama yake kwamba miye niko tayari kusalimia hata sasa hivi, hata mara mbili, wapange tu hiyo kwingisha. Muke wangu akaenda, akarudi.

"Mama anasema kinu kimesikia."

Ndivyo tulivyoishi. Muke wangu alibeba maneno kutoka mulango huu kwenda mulango ule, na akirudi alikuwa amechoka kuliko mutu aliyeteka maji. Mara nyingine aliyapunguza njiani. Nikituma maneno marefu ya hasira, yanafika mafupi yenye shukrani. Mama Mukwe akituma tusi, linafika swali kuhusu afya yangu. Nilikuja kujua hilo baadaye sana, na nikaelewa kwa nini kwa miaka yote tulionekana tunapendana.

Lakini nisimufanye kuwa mutu wa tusi tu, nitakuwa muongo. Kila siku samaki mukubwa alipopikwa kwake, muke wangu alirudi na sahani iliyofunikwa. Kichwa cha samaki, chenye nyama ya shavu, na mchuzi, na bukari, ugali wa mihogo, bado moto. Maagizo yalikuwa yale yale: "Hii ni ya imbwa." Katika uwanja wetu hakukuwa na imbwa. Hakujawahi kuwa na imbwa. Jioni ningemusikia anauliza:

"Ile imbwa ilishiba?"

"Ilishiba, mama," muke wangu anajibu. "Inasema aksanti."

Nimekula vichwa vya imbwa miaka mingi na nimenenepa. Na kila nikivila nilikuwa najiuliza: mwanamuke huyu, ataniita lini? Sikutaka sherehe kwa ajili ya kuku na pombe ya munkoyo. Nilitaka aniite. Mama yangu mwenyewe alibaki ng'ambo, na nilipopata habari zake alikuwa amekwisha kuzikwa. Tangu hapo hakuna mama aliyeniita kitu chochote. Nilitaka asimame pale jikoni kwake, asiseme na chungu, aseme na miye. Hilo tu. Na nililiharibu mwenyewe, kwa neno moja.

Neno lenyewe ni paka.

Kule kwetu Moba, paka ni paka, mwenye mukia na sharubu. Lakini Mama Mukwe alijifunza Kiswahili kwa wachuuzi wa samaki kutoka Lubumbashi, na kwa watu wa Lubumbashi "paka" maana yake ni "tu", hakuna kingine. Paka leo: leo tu. Paka moja: moja tu. Nilikuwa nimeshaizoea paka yao, sitasema sikuijua. Lakini muke wangu alikuwa sokoni, magoti ya Mama Mukwe yameanza kuuma, patapata haikuwa na kasi ya zamani, na panya walikuwa wamekata wavu wangu mahali ambapo mukono muzima unapita. Nilikuwa najiandaa kwenda Chienge. Nikamusikia:

"Weye kinu, ambia ule bwana, akienda Chienge asituletee bintu ya bure. Alete paka dawa ya panya."

Sasa niambie. Sentensi ina paka, ina panya, ina dawa. Sikio gani lingesikia kitu kingine? Nikasikia: alete paka, dawa ya panya. Nikafurahi mpaka nikasahau kofia. Mama Mukwe ameniomba kitu! Kupitia kinu, ndiyo, lakini ameomba. Chienge nilitafuta paka kama mutu anayetafuta kazi. Nilipata dume kubwa, la kijivu, sikio moja limeraruka kwa vita, kwa mama mumoja aliyeonekana kufurahi sana kuliaga. Nikalitia kwenye gunia. Ndani ya gari lilipiga kelele njia nzima, na abiria wakaanza kuniuliza kama ni mutoto wangu na kwa nini simunyonyeshi.

Nikafika muchana. Mama Mukwe alikuwa nje anageuza chisense juu ya kitanda cha fito cha kukaushia samaki. Nikaangalia chini, kama adabu inavyotaka, nikafungua gunia katikati ya uwanja, na nikasema kwa sauti, nikijidai nasema na gunia:

"Weye gunia, ambia mama dawa imefika!"

Kumbe mwanamuke yule, aliyeua panya bila kuacha kukata sombe, alikuwa na kitu kimoja duniani alichokiogopa. "Mayo!" Ndilo nililosikia, yaani "mama" kwa Kibemba. Halafu fito zikalia. Nilipoinua macho kidogo, nikaona patapata mbili chini, peke yazo, na mwenye patapata juu ya kitanda cha samaki, amesimama kati ya chisense, kitenge amekishika kwa mikono miwili. Paka akakaa chini yake, akanusa hewa, akaona amefika peponi.

"Weye fito!" alipiga kelele. "Ambia ule mutu aondoshe ile nyama! Inaangaliaka mutu sawa vile inajua jina yake!"

Nami ningefanya nini? Kumushika mukono ashuke: mwiko. Kumuangalia: mwiko. Nikamufukuza paka nikiwa nimeinama, macho ardhini, nikifuata mukia tu, na nikagonga nguzo ya kitanda kwa kichwa. Samaki wote chini. Yeye hakuanguka, Mungu ni mwema. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa uwanjani, na hakuna hata mumoja aliyesaidia, kwa sababu walikuwa wamekaa chini kwa kucheka.

Muke wangu aliporudi kutoka sokoni, akasikia upande wa mama yake na upande wangu, alinieleza neno "paka" pole pole, kama anavyowaeleza watoto. Paka yule alikwenda zake kwa wavuvi, na nasikia aliishi vizuri. Habari zilimufikia mujomba wa muke wangu huko Mununga, na kwa watu hawa mujomba ndiye mwenye kusema. Alikuja, akakaa, akanisikiliza, akatikisa kichwa.

"Kwingisha?" alisema. "Uyu mutu? Awe, hapana. Mbele ya kumuingisha, akili kwanza imuingie."

Baada ya hapo jambo likawa la kikao. Mujomba akasema tungoje mavuno. Mavuno yakaja, binamu akasema tungoje mujomba apone. Mujomba akapona, shangazi akasema mwaka huu kuna misiba mingi. Panya wengi hawachimbi shimo. Kila mwaka nilinunua kuku wa sherehe, na kila mwaka kuku alizeeka tukamula bila sherehe. Mama Mukwe mwenyewe hakusema kitu. Nilimuuliza muke wangu: mama anataka au hataki? Muke wangu akasema hata yeye hajui, na safari hii nadhani hakupunguza kitu njiani.

Halafu miguu ya Mama Mukwe ikavimba. Kwanza aliacha kwaya, akaimba akiwa jikoni. Halafu akaacha jiko. Vyungu vikanyamaza. Ulikuwa unapita uwanjani na kusikia kuku tu, na nikaona nimekosa matusi yake kama mutu anavyokosa chumvi. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa atakufa, na miye nitasimama nje na wanaume wengine, na atakuwa ameondoka duniani bila kuniita hata mara moja.

Msimu wa mvula uliopita, muke wangu alikwenda Nchelenge kuchukua dawa za miguu. Ilikuwa muchana. Nilikaa nje natengeneza wavu, mugongo nimeuelekeza kwenye nyumba ya mama yake, kama siku zote. Nikasikia sauti.

"Weye kikombe. Kuko panya mu blanketi."

Nikaacha sindano.

"Weye kikombe, hauna masikio? Iko inapanda. Weye mulango, ita mutu."

Niliangalia kushoto na kulia. Mutu gani? Majirani walikuwa ziwani, watoto shuleni. Halafu akaacha kutaja vitu. Nilisikia tu, "Mayo. Mayo," kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. Patapata ile ilikuwa chini ya kitanda, na muguu wake haukuweza tena kuifikia.

Sijui nilifikiri nini. Nilichukua fimbo, nikageuka, nikaingia kinyumenyume. Ndiyo, kinyumenyume: matako mbele, macho nje, kama mutu anayeingiza gari. Niliona nikiingia hivyo sijavunja adabu yote, nimevunja nusu. Fimbo ikagonga fremu ya mulango.

Nyuma yangu sauti ikasema:

"Weye fimbo, piga kushoto."

Fimbo ikapiga kushoto. Ikagonga kopo.

"Weye fimbo, kushoto ya miye! Hapana kushoto ya weye!"

Fimbo ikapiga kulia. Kitu kikapasuka, vipande vikamwagika sakafuni. Nilijua bila kuangalia. Kilikuwa chungu kile, rafiki yake wa miaka yote, mwenye siri zangu.

"Ee Mungu," alisema Mama Mukwe. "Umeua chungu."

Nilitaka kuomba radhi lakini sikujua niombe kwa nani. Hapo hapo kitu kikaanguka kutoka blanketini, kikapita juu ya kidole changu cha muguu, kikaingia ndani ya suruali. Mwili haukuniuliza. Nilipofungua macho, fimbo ilikuwa chini, panya alikuwa amekwenda zake njia ya mulango, na miye nilikuwa nimesimama juu ya kitanda cha mama mukwe wangu.

Nilimuona usoni. Hakukuwa na mahali pengine pa kuangalia. Uso mudogo, mashavu yameingia, na chini ya jicho la kulia kidoa cheusi, kile kile alichonacho binti yangu mukubwa. Miaka yote nilikuwa nawaambia watu mutoto amekitoa upande wetu Moba.

Nikajua imekwisha. Mujomba atakuja, nitafunga virago. Nikangoja. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kimeshika kifua chote, mpaka akakohoa na machozi yakateremka. Alicheka kwa muda mrefu. Halafu akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Shuka," alisema.

Sikushuka. Nilingoja ataje anasema na kitu gani. Kikombe kilikuwa pale, kiti kilikuwa pale, fimbo ilikuwa sakafuni.

"Minasema na weye, mwanangu," alisema. "Shuka. Unanikanyaga muguu."

Nilishuka. Nililia, na sisingizii moshi, jiko lilikuwa halijawashwa. Akaniambia nimuinue, akae. Nikamuinua. Alikuwa mwepesi, na mukono wake ulinishika kwa nguvu shingoni. Kando ya kitanda kulikuwa na sahani ya viazi vitamu alivyoachiwa na muke wangu. Akavunja kimoja, nusu akanipa, nusu akaanza kutafuna mbele yangu, mudomo wazi, bila haraka, akiniangalia. Akaniuliza mama yangu alikuwa mutu wa namna gani. Hakuna mutu wa Kashikishi aliyekuwa amewahi kuniuliza hilo. Nikaanza kumueleza: vile alivyokuwa anavaa kilemba, vile alivyokuwa anapiga miluzi akipika, na watu wakimukataza.

Tulikuwa bado hapo muke wangu aliporudi. Alisimama mulangoni, muzigo kichwani, dawa mukononi. Akamuangalia mama yake, akaniangalia miye, akaviangalia vipande vya chungu. Halafu, kwa mazoea, akaanza kazi yake.

"Mama," alisema, "anasema nini?"

"Nyamaza kwanza," alijibu Mama Mukwe, kiazi mudomoni. "Tuko tunasemezana."